Nyumba ya Mwisho ya Mkwajuni

Mkwajuni, Kigombe
9 Novemba 2022

Dada Saleha,

Shikamoo. Huku wazima, wewe na Dodoma yako tunawaombea. Mama hajambo kwa kiasi chake. Kasema nianze kukwambia mbuzi wake mweusi kazaa mapacha, mmoja kafa, na mkeka wako kaumaliza ila ile rangi ya zambarau uliyoitaka hakuipata. Haya, nimeshaandika ya mama.

Najua utasema kwa nini sikupigi simu. Nikishika simu maneno yananipotea, unanijua, nabaki naitikia ee, ee, mpaka salio linakwisha. Barua nampa Godlisten, dereva wa lori la machungwa. Kila mzigo ukijaa anakuja Dodoma, na ofisini kwenu kasema anapajua. Ukijibu mpe yeye yeye.

Dada, vuli haijanyesha. Ilitonya kidogo, vumbi likalala, likaamka. Mahindi yalitoa kidole yakanyauka. Lambo limebaki tope la ngiri. Kile kisima chetu maji yamezidi chumvi mpaka chai haiwi chai. Nesi kampima mama presha, kamwambia maji yale aache kabisa, yatamuua. Kwa hiyo nachota kwenye bomba la shamba la mkonge, kwa baiskeli. Mlinzi wa pale ananifumbia macho. Akibadilishwa sijui itakuwaje.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Abdulghani, mwenyekiti wetu wa kitongoji, katuita. Kasema kuna mradi wa visima virefu unakuja, lakini vinakwenda kwenye kanda kavu tu, na kanda mmezichora nyie huko Dodoma. Ramani imebandikwa mlangoni kwa mtendaji, Kigombe. Tukaenda kuitazama. Kuanzia Horohoro kuteremka na pwani yote rangi ya njano, ndio kavu. Milimani kule Amani kijani. Kigombe njano. Sisi kijani, dada. Tumewekwa na watu wa Amani ambao nguo zao hazikauki kambani kwa mvua.

Halafu Zubeiri jirani akasema, "Rahimu, si dada yako ndio mkubwa wa mvua huko?" Watu wakacheka. Mimi nikatazama malapa yangu.

Mama kasema nisikuulize kwa ubaya. Kasema labda mtoto katia rangi kwa haraka. Mimi nauliza tu, inarekebishika? Maana mama mdogo Khadija anataka mama akahamie kwake Makorora, Tanga mjini, kuna bomba uani. Mama kakataa. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, na kasema hii ndio nyumba ya mwisho, yeye akiondoka mji uishie wapi? Siku ya mwaka, ule mwaka wetu wa jadi, mbuzi wa sadaka alipozungushwa mji kuukinga, mama alisimama dirishani mpaka kahakikisha kapita nyuma yetu. Ndivyo alivyo.

Mdogo wako,
Rahimu

*

Dodoma
27 Novemba 2022

Mdogo wangu Rahimu,

Marahaba, na mama mpe shikamoo yangu mara mbili. Mwambie zambarau si lazima, mkeka nautaka hivyo hivyo. Mimi mzima, kazi nyingi, na upepo wa huku unapasua midomo.

Msomee mama hili polepole. Ile ramani haikuchorwa kwa mkono wala kwa haraka. Tumechukua vituo vyenye vipima mvua, mwezi kwa mwezi, miaka thelathini. Kompyuta inatazama vipi vinafanana: mvua inaanza lini, inakatika lini, inakuwa nyingi kiasi gani, mwaka na mwaka inayumba vipi. Vinavyofanana vinakuwa kundi moja. Pasipokuwa na kipima, kama hapo Mkwajuni, kompyuta inakadiria kutokana na vituo vilivyo karibu. Nyie mmeangukia kituo cha chini ya milima.

Unakumbuka mama alivyokuwa akipanga mafungu ya dagaa sokoni Kigombe? Wakubwa huku, wadogo huku, waliovunjika huku. Ndiyo hivyo hivyo, ila sisi tunapanga mvua. Upande wetu yametoka makundi manne. Hakuna aliyependelea wala aliyeonea, namba zinajipanga zenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuingia tu nikabadilisha rangi kwa sababu ni kwetu. Nadhani mnanielewa. Na Zubeiri mwambie mkubwa wa mvua ni Mungu.

Mama asinywe maji ya kisima. Nimemtuma Godlisten na dawa zake na kanga.

Dada yako,
Saleha

*

Mkwajuni
18 Januari 2023

Dada Saleha,

Shikamoo. Kanga mama kaipokea, kaivaa Ijumaa, wenzake wakamuuliza jina lake linasemaje, akajifanya hasikii ili waisome kwa sauti. Dawa anakunywa. Barua imechelewa kwa sababu ya Godlisten. Machungwa yamekaukia mtini, yamekuwa madogo kama ndimu, lori halijai. Alikaa Muheza wiki kwa wiki anacheza bao.

Barua yako nilimsomea mama yote. Alipenda pale pa dagaa. Akacheka akasema, "Kumbe mwanangu kasomea kazi yangu." Halafu akasema kitu nikaona nikuandikie kama alivyosema. Kasema dagaa hawajipangi. Siku wateja wengi anapanga mafungu matano madogo, siku wachache anapanga manne makubwa, na kuna dagaa wa katikati anayeweza kwenda huku au huku, inategemea mkono umeamkaje.

Mimi sikusoma, dada. Niliacha darasa la sita mwaka aliokufa baba, wewe ukaendelea, na sikulalamika. Nieleze tu kama unavyomweleza mtoto. Nani alisema yawe manne?

Mlinzi kabadilishwa. Huyu mpya anatoka bara, hanijui, bomba kalifunga kwa kufuli. Sasa nakwenda mpaka Kigombe, nasubiri foleni na wanawake. Zubeiri akinikuta njiani anasema, "Mtu wa kijani, vipi, mafuriko?" Nimezoea.

Mama anasema anakunywa ya Kigombe. Ila kikombe cha kisimani kila nikirudi nakikuta kimelowa.

Rahimu

*

Dodoma
6 Februari 2023

Rahimu,

Salamu kwenu. Nina mafua na nina wageni kutoka wizarani wiki nzima, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Kuna habari njema. Mwezi wa tatu watu wetu watakuja kuhakiki kanda. Watatembelea vijiji vilivyo mpakani mwa rangi, watauliza watu mvua na maji. Nimeona orodha, Mkwajuni imo. Majibu ya watu yakipingana na ramani, kijiji kinaweza kuhamishiwa rangi nyingine. Hii ndiyo nafasi yenu na ni ya halali, hakuna atakayesema Saleha kawabeba. Mwambie Mzee Abdulghani, waambie wote: waseme ukweli tu. Mvua haikutosha, kisima ni chumvi. Maneno mawili.

Mimi sitakuja nao. Nimeomba nisipangwe Tanga.

Mwambie mama aache ukaidi na kile kikombe.

Saleha

*

2 Aprili 2023

Dada,

Shikamoo. Ramadhani njema. Mama anakusalimia.

Watu wako walikuja siku chache kabla ya mfungo. Wawili, Ernesti na binti mmoja anaitwa Queen ndiye muulizaji, ana kishikwambi. Niseme ilivyokuwa.

Habari ya ugeni ilifika juzi yake. Wanawake wakafagia mji mzima. Kila nyumba ikatoa maji iliyoyaficha, dumu hapa, ndoo pale, yakajazwa mapipa mawili kwetu kwa sababu kwetu ndiko watakakofikia, kwa heshima yako. Mapipa yakajaa pomoni. Ukiyaona utasema Amani. Wageni wakanawa, wakanywa chai, wakapikiwa wali wa nazi. Ernesti alikuwa na jasho, mama akamtengea maji ya kuoga. Ndoo mbili, dada. Alikuwa anaimba humo bafuni.

Halafu Queen akakaa na mama jamvini. Mimi nimesimama mlangoni na birika.

"Bibi, mvua za mwaka jana zilitosha?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Tunamshukuru Mungu kwa alichotoa."

"Na maji ya kunywa mnapata?"

"Hatukosi. Nyie mmekunywa? Rahimu, mwongeze mwenzio."

Nikasema, "Mama, waambie habari ya kisima." Akanikata jicho. "Wageni hawajashusha hata pumzi unawalilia njaa? Umelelewa wapi?" Queen akacheka, akabonyeza kishikwambi, akaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili alhamdulillahi. Ya tatu alhamdulillahi. Zubeiri, yule mwenye mdomo, nilimsikia kwa masikio yangu: "Tunashukuru, dada, hatuna neno." Mzee Abdulghani tulimwelekeza, akaapa atasema. Alipoulizwa akasema mvua ni rehema, akaomba dua.

Walipoondoka nikamuuliza mama. Akanijibu, "Nimkufuru Mungu mbele za watu, kidogo anachotupa nacho akizuie? Saleha anajua hali yetu. Si yuko huko huko?"

Sasa haya ya chini mama sijamsomea wala sitamsomea.

Ernesti alipotoka kuoga tulikaa nyuma, nikamkatia dafu. Mtu mzuri, muongeaji. Akasema, "Dada yako nyie acheni, mkali, hapendelei." Nikamuuliza hapendelei vipi. Akasema zilikuwepo ramani mbili. Moja ya makundi manne, moja ya matano. Zote kwa hesabu zilikuwa sawa, ukichukua hii ukichukua ile hakuna wa kukukosoa. Ile ya matano Mkwajuni ilikuwa njano, pamoja na Kigombe na Horohoro. Wakubwa wakamwachia dada yako achague, maana kazi ni yake. Akachukua ya manne. "Ofisi nzima tulishangaa," akasema. "Mwingine angewachimbia kisima kwao mapema." Akanipiga begani, akaomba dafu jingine. Nikamkatia.

Nilikuuliza mwezi wa kwanza nani alisema yawe manne. Ukanijibu una mafua.

Rahimu

*

Dodoma
1 Mei 2023

Rahimu,

Idd imepita na sikupata hata salamu. Mama yuko vipi? Barua yako yote hukusema mbuzi, hukusema mkeka, hukusema presha. Na simu yake haipatikani. Nimempigia mama mdogo Khadija, kaniambia hawajambo, akakata haraka.

Ernesti ana mdomo kama debe tupu. Lakini hakusema uongo.

Sasa nisikilize na mimi. Wewe uko huko unatazamwa na Zubeiri mmoja. Mimi natazamwa na ofisi nzima. Tangu kazi inaanza walikuwa wananitania: "Saleha, kwenu mnataka rangi gani?" Mwanamke peke yangu kwenye meza ile, nimetoka kijijini, neno likitoka mdomoni kwangu linageuzwa fitina. Ningechukua ramani ya matano, siku visima vinachimbwa Mkwajuni wangesema nini? Wangeirudia kazi yote, kila kituo, nchi nzima, watafute nimepinda wapi. Na ile ya manne ni safi zaidi, mipaka inaeleweka, hata kwenye ukuta inapendeza. Mtu asiye na ndugu Mkwajuni angeweza kuichagua vile vile.

Nilijua tu kwamba mtu asiye na ndugu Mkwajuni angeweza pia kuchagua ile nyingine. Basi.

Niliwatafutia njia ya halali. Niliiweka Mkwajuni kwenye orodha ya kuhakikiwa kwa mkono wangu. Maneno mawili niliwaomba. Majibu nimeyaona, nimeyafungua mwenyewe: kila nyumba mvua imetosha, kila nyumba maji yapo. Na picha ameambatanisha Queen, mapipa mawili yamejaa, mama kasimama kando anacheka na kanga yangu. Na hilo pia mnibebeshe mimi?

Ramani imeshasainiwa. Itapitiwa tena baada ya miaka mitano.

Mwambie mama aseme neno, uliandike kama alivyolisema.

Saleha

*

Horohoro
3 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Mimi nipo Horohoro tangu mwezi wa sita, nabeba mizigo hapa mpakani. Kazi si mbaya, watu wengi, hakuna anayeniuliza habari za mvua. Barua yako ilinifuata mpaka huku, Godlisten alimpa mtu, mtu akampa mtu. Kwa hiyo imechakaa na mimi nimechelewa.

Umeuliza mama. Mama alianguka kando ya kisima siku ya pili ya mfungo. Alikuwa anachota ya futari. Zubeiri ndiye alimkuta, akambeba mgongoni mpaka barabarani, na tangu siku ile hanitanii tena, heri angenitania. Hospitali walisema presha. Mkono wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande kidogo. Anazungumza, ila polepole. Alipotoka hospitali hatukumrudisha. Yuko Makorora kwa mama mdogo Khadija, chumba cha uani. Ile barua ya mwezi wa nne niliiandikia kwenye benchi la hospitali.

Hatukukwambia kwa sababu yeye ndiye alikataza. Kasema, "Msimtie mtoto wasiwasi kazini, anashughulikia kisima." Kwa hiyo hilo ndilo neno lake, uliloomba nikuandikie. Nikienda kumtazama ananiuliza, "Saleha kasemaje kisima?" Nasema anashughulikia. Anasema, "Nilijua." Maji ya bomba hayataki, anasema yananuka dawa. Mama mdogo anamwekea tangawizi.

Barua zako zote ninazo. Hii ya mwisho sijamsomea. Nimefikiri sana nikuandikie nini. Kusoma sikusoma, na mambo ya kutazamwa na ofisi siyajui, labda ni kweli unavyosema. Labda na mimi ningekuwa meza ile ningechagua vile vile, maana mimi nikitazamwa tu nashindwa hata kumeza. Ila wewe hukushindwa. Ulichagua. Na wao wakakusifu.

Nyumba tumeifunga. Mabati ya upande wa jikoni nimeyatoa nimempa Zubeiri, kwa kumbeba mama. Kaburi nimelipalilia.

Juzi ilikuwa siku ya mwaka, nikaomba ruhusa nikaenda Mkwajuni. Mbuzi walimtoa msikitini kama kawaida, watoto nyuma, Mzee Abdulghani mbele na chetezo. Mimi nikatangulia nikakaa kwetu nyuma, kando ya baba, nikisubiri wapite. Nikasikia sauti zao zinakuja, halafu nikasikia zinageuka. Walikatia kwa Zubeiri. Nikainuka nikamfuata Mzee Abdulghani, nikamuuliza kwa adabu mbona kwetu hamkufika. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mbuzi anazungushwa nyumba zenye moto. Kwenu hakupikwi. Mji sasa unaishia kwa Zubeiri." Hakusema kwa ubaya. Ndio desturi.

Nikarudi kwa kupitia Makorora. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wako, ule usio na zambarau. Alikuwa anajua ni siku gani, hata chai hakunywa, ananisubiri. Kabla sijavua viatu akaniuliza.

"Mbuzi kapita nyuma ya nyumba?"

Nikamwambia kapita, mama.

Rahimu